Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: wazee wenye Parkinson tunawachanganya wenyewe

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na kwa Waganga Wakuu wa Wilaya za Hai, Siha, Rombo, Mwanga, Same na Moshi zote mbili

YAH: WAGONJWA WA PARKINSON WANAOPOTEZA KUMBUKUMBU, NA DAWA TUNAZOWAANDIKIA

Ndugu Mganga Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika tukiwa watu wa ndani: wauguzi, matabibu na wafamasia tunaohudumia wazee katika mkoa huu. Lawama iliyomo humu, kwa hiyo, inatugusa na sisi. Mzee mwenye Parkinson anapoanza kusahau, kuona watu wasiokuwepo, au kuamka usiku wa manane akitafuta ng'ombe aliowauza zamani, tumezoea kumwambia mwanawe kwamba ugonjwa umepanda kichwani, basi. Mara nyingine ni kweli umepanda. Lakini mara nyingi mno kilichopanda ni vidonge tulivyomwandikia, na hivyo vinaweza kushushwa kwa kalamu ileile iliyoviandika.

Makosa haya yana historia ndefu. James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliwaangalia watu 6 tu, wengine aliwaona wakipita njiani, akahitimisha kwamba akili ya mgonjwa haiguswi. Mikono ilitetemeka, mgongo ulipinda, miguu ilikimbia mbele, akili ikabaki salama. Karne mbili baadaye kliniki zetu nyingi bado zinamwangalia mgonjwa kama yeye alivyowaangalia, kuanzia shingoni kwenda chini. Tunaandika "kutetemeka" kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta ya takwimu za kituo, tunatoa dawa, tunaita anayefuata. Wanaofuatilia wagonjwa kwa miaka wameona kingine. Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 ana demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili hadi kushindwa shughuli za kila siku, wakati wowote utakapohesabu. Kundi moja lililofuatiliwa Uingereza lilikaribia nusu baada ya miaka 10, na jingine la Australia lilifika asilimia 83 ya waliokuwa bado hai baada ya miaka 20.

Msije mkasema hayo ni ya Ulaya. Wilaya ya Hai ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako wagonjwa wa Parkinson walitafutwa nyumba kwa nyumba. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wanaishi na kile ambacho familia ziliita uzee, au mambo ya watu. Takwimu zetu wenyewe tunazo, zimekusanywa dakika chache kwa gari kutoka ofisini kwako.

Kwanza tuseme kusahau huku kunavyofanana, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kungoja mzee asahau jina la mkewe. Katika Parkinson jina la mke hukaa muda mrefu. Kinachotangulia kuondoka ni kasi na mpangilio. Mzee anaulizwa swali, ananyamaza, aliyemleta anajibu kwa niaba yake, na daktari anaandika "haelewi", kumbe jibu lilikuwa njiani. Anashindwa kufuata kazi yenye hatua nne, kama kuandaa chai ya maziwa au kutuma pesa kwa simu. Anakosea umbali wa kiti na kukaa pembeni yake. Leo asubuhi yuko sawa kabisa, mchana anaduwaa kama mtu aliyeamshwa usingizini, jioni karejea. Neno aliloshindwa kulikumbuka ukimdokezea herufi ya kwanza analikamata, jambo ambalo kwa kawaida halitokei kwa mgonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayojulikana zaidi. Kisha huja maruweruwe: watoto wadogo wamekaa kwenye kochi, mbwa amelala mlangoni, mtu amesimama nyuma ya pazia. Mwanzoni mzee mwenyewe anajua si kweli na anaona aibu kusema. Asipoulizwa hasemi, na sisi hatuulizi.

Chini ya hayo yote kuna uhaba wa kemikali mbili za ubongo. Ya kwanza ni dopamini, ambayo kupungua kwake ndiko kunakoleta ukakamavu na mtetemo. Ya pili ni asetilikolini, ambayo ubongo huitumia kushika mambo na kuwa makini, nayo katika Parkinson yenye demensia hupungua sana. Tafadhali ishikeni hiyo ya pili, maana malalamiko yetu makubwa yanaanzia hapo.

Benzeksoli. Ni kidonge cha bei nafuu, kinapatikana mpaka vituo vya chini kwa sababu hutolewa pamoja na sindano za wagonjwa wa akili, na kwa kijana mwenye mtetemo kinasaidia. Kwa hiyo mzee wa miaka 72 akifika anatetemeka na levodopa, dawa kuu ya Parkinson ambayo ubongo huigeuza dopamini, haipo, anaandikiwa benzeksoli, na kadi yake inaendelea kunakiliwa "endelea na dawa" mwaka baada ya mwaka. Kazi ya benzeksoli ni kuizuia asetilikolini, ileile ambayo mzee huyu tayari anayo kidogo. Matokeo yake yamo kwenye kitabu chochote cha famasia: kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo kuzuilika, macho kuona ukungu, kumbukumbu kushuka, maruweruwe. Kila moja kati ya hayo huzaa jingine. Kinywa kikavu humfanya ashindwe kumeza, choo kigumu huchelewesha levodopa isifike inakofyonzwa, mkojo uliozuilika huota UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na UTI ndiyo inayomleta usiku akiwa haelewi alipo. Tunamtibu UTI, tunamrudisha nyumbani na benzeksoli yake.

Tunaomba waraka wa mkoa wenye sentensi moja: asianzishiwe benzeksoli mgonjwa wa Parkinson aliyevuka miaka 60, wala wa umri wowote mwenye dalili za kusahau au maruweruwe. Kwa walio nayo tayari, isikatwe siku moja. Ikikatwa ghafla mtetemo hurudi kwa kishindo, mgonjwa anatoka jasho na kutapika, ndugu wanakimbilia duka la dawa kuinunua tena na hawatakuamini mara ya pili. Anayemeza miligramu 5 mara mbili kwa siku ashushwe kwa nusu kidonge kila wiki 2, kuanzia dozi ya jioni. Ndani ya takriban miezi miwili atakuwa ametoka. Mkague hapohapo na vingine vyenye tabia hiyo: amitriptilini ya maumivu ya miguu, prometazini ya usingizi, Piriton ya mafua ambayo kila duka la dawa muhimu linauza bila kuuliza. Mara nyingine mfuko mmoja wa plastiki una vitatu kati ya hivyo. Mwambieni mzee aje na mfuko mzima, si kadi peke yake.

Ukimwondolea benzeksoli sharti umpe levodopa, na hapo tunafika kwa Mfamasia wa Mkoa. Levodopa hutoka pamoja na kabidopa kwenye kidonge kimoja, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Shida ni aina ya kidonge tunachoagiza. Kuna cha 250 kwa 25, yaani levodopa miligramu 250 na kabidopa 25, na kuna cha 100 kwa 25. Anayeagiza akiangalia bei kwa miligramu huona cha kwanza ni nafuu. Sasa mfuate mzee anayeanzishiwa hicho. Levodopa 250 ni nyingi mno kwa kuanzia, kwa hiyo kidonge kinakatwa nusu, mara nyingi kwa kisu cha jikoni. Nusu mara tatu kwa siku inampa kabidopa miligramu 37 na nusu tu. Mwili unahitaji kati ya 70 na 100 kwa siku ili levodopa isigeuke dopamini tumboni kabla ya kufika kichwani. Isipofika kiwango hicho, mgonjwa anatapika. Akitapika anapewa Plasil. Plasil, ambayo ni metoklopramidi, huingia kwenye ubongo na kuziba dopamini, kwa hiyo anakakamaa kuliko alivyokuja. Akikakamaa tunamwongezea levodopa, nayo ikizidi huleta maruweruwe. Mnyororo mzima huo, kuanzia kisu hadi maruweruwe, unakatwa kwa kuagiza kidonge cha 100 kwa 25: kimoja mara tatu kwa siku kinampa kabidopa 75. Wiki ya kwanza aanze na nusu mara tatu kwa siku, apande taratibu, na kwa ajili ya kichefuchefu cha siku hizo za mwanzo kidonge akimeze na kipande cha mkate au muhogo.

Hesabu ya kuagiza si ngumu. Chukueni wale 33 wa Hai kama kipimo cha wilaya moja, kila mmoja vidonge 3 kwa siku: ni vidonge 2,970 kwa mwezi. Idadi ya watu imeongezeka tangu uchunguzi ule, na wapo wanaohitaji zaidi ya 3, lakini hata mkiongeza nusu yake mnabaki chini ya vidonge 4,500. Hiki si kiasi cha kuangusha bajeti ya halmashauri. Kinachotuangusha ni kwamba fomu ya maombi inajazwa kwa kuangalia matumizi ya kipindi kilichopita. Dawa ambayo haikuwepo haikutumika, ambayo haikutumika haiombwi, na isiyoombwa Bohari ya Dawa ya serikali haileti. Tunaomba kwa vipindi viwili vya kwanza kila wilaya iombe kwa idadi ya wagonjwa walioandikishwa, si kwa matumizi, na Bohari ikikosa, idhini ya kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, itoke ndani ya siku chache badala ya kusubiri kikao.

Tunasisitiza hilo la siku chache kwa sababu levodopa si dawa ya kumwambia mtu "rudi wiki ijayo". Aliyeizoea akiikosa ghafla anaweza kukakamaa mwili mzima, kupata homa kali, misuli kuvunjika na figo kuziba, akafa. Kwa macho hali hiyo hufanana na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hutibiwa hivyo, na cheti cha kifo huandikwa hivyo.

Huenda mmesikia wazee wanasaga mbegu za upupu. Si ujinga, upupu una levodopa ya kweli ndani yake. Lakini hauna kabidopa, kipimo chake hubadilika mbegu kwa mbegu, na ukijumlishwa na vidonge vya kliniki unaweza kumletea mtu maruweruwe ambayo hakuna atakayejua yametoka wapi. Muulizeni mgonjwa kwa upole. Ukimkaripia leo, kesho atausaga kimyakimya.

Sasa usiku. Saa 8 usiku mzee analetwa mapokezi ya dharura, ameng'oa drip huko alikotoka, anapigana na watu wasioonekana, mwanawe amechoka. Zamu ina daktari mmoja na wauguzi wawili. Sindano iliyopo kabatini ni ya dawa za wagonjwa wa akili: haloperidoli, au klorpromazini. Anachomwa, ananyamaza, na wote tunapumua. Kufikia asubuhi hawezi kugeuka kitandani. Siku ya pili hawezi kumeza. Siku ya tatu uji umeingia mapafuni. Familia inaambiwa ugonjwa umefika mwisho, wakati haloperidoli imeziba kile kidogo cha dopamini alichokuwa amebakiwa nacho. Wenye demensia iliyoanza kabla ya ugumu wa viungo, au ndani ya mwaka mmoja wa ugumu huo, huitwa wagonjwa wa miili ya Lewy, na hao dawa hizi huwadhuru vibaya zaidi. Dozi moja inaweza kutosha.

Cha kufanya usiku ule ni kazi ya dakika 20, tumeipima. Taa iwashwe, kelele zipungue, mwanawe abaki kando ya kitanda ashike mkono. Joto, mapigo, oksijeni, sukari. Kipimo cha malaria. Mkojo kwa kijiti. Sikiliza mapafu. Bonyeza tumbo: kibofu kimejaa? Ni siku ngapi hajapata choo? Ameanguka wiki hizi? Aliyeanguka, hasa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, anaweza kuwa na damu iliyovilia ndani ya fuvu na anahitaji picha ya CT. Kisha mfuko wa dawa: nini kimeongezwa mwezi huu? Kama chanzo ni dawa za Parkinson zenyewe, zipunguzwe kwa zamu, benzeksoli ikitangulia, halafu amantadini kama ipo, halafu zile zinazoigiza dopamini, na levodopa iguswe mwisho kabisa. Wengi hutulia hapo. Asiyetulia na anahatarisha maisha yake apewe kwetiapini, dawa ya jamii hiyohiyo lakini isiyokakamaza sana, miligramu 12 na nusu hadi 25 wakati wa kulala. Klozapini nayo inafanya kazi kwa dozi ndogo sana, kuanzia miligramu 6 na robo, ila inadai kuhesabu chembe nyeupe za damu kila wiki, na mahali pasipo na maabara ya uhakika ni heri isianzwe. Tusidanganyane: dawa yoyote ya jamii hii huongeza hatari ya kifo kwa mzee mwenye demensia. Itolewe kwa muda mfupi, na tarehe ya kuiacha iandikwe siku ileile ya kuianza.

Ombi letu hapa ni dogo kuliko yote: kopo moja la kwetiapini ya miligramu 25 kwenye kabati la dharura la kila hospitali ya wilaya, na karatasi yenye maandishi mekundu juu ya kisanduku cha haloperidoli.

Kuna na jambo la presha ambalo linatuudhi kwa sababu halihitaji hata shilingi. Kliniki ya wazee hupima presha mzee akiwa amekaa. Mwenye Parkinson akiwa amekaa anaweza kusoma 150 kwa 90, akaongezewa dawa ya presha, na akisimama ikashuka hadi 95. Ubongo unakosa damu, anazubaa, anaanguka, na anaandikiwa kwamba kumbukumbu inazorota. Alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, dawa za presha ndizo za kwanza kupunguzwa, kisha maji na chumvi ya kutosha na kitanda kuinuliwa upande wa kichwa. Vipimo vya damu vya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU navyo vifanyike mara moja kabla ya kumbandika mtu jina la demensia.

Kupima akili yenyewe tuna kifaa kilichozaliwa hapahapa Hai. Kipimo cha IDEA kiliundwa kwa ajili ya wazee ambao hawakwenda shule, kwa sababu vipimo vya kigeni huwataka wachore saa na kuandika sentensi, na bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anashindwa kabla hajaanza. Kina maswali 6 na alama 15. Daraja ni nini? Kiongozi wa kijiji chako ni nani? Leo ni siku gani? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika 1. Kuna maneno 10 ya kukariri na kuyarudia baadaye, na kuna njiti 4 za kiberiti: mpimaji anazipanga kwa mchoro fulani mezani, mzee anapewa njiti zake azipange vilevile. Alama 7 kushuka chini zinaashiria demensia, 8 au 9 zinakutaka uangalie zaidi.

Kwa mwenye Parkinson tunaongeza tahadhari zetu. Apimwe saa moja hivi baada ya kumeza levodopa, mwili ukiwa umefunguka. Ukimpima akiwa amekakamaa unapima vidole vyake, si akili yake. Njiti zikimdondoka si kosa, angalia kama mpangilio anaujua. Mpe muda, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia swali, na mwombe aliyemleta asijibu. Mwenye huzuni ya muda mrefu atibiwe huzuni kwanza. Halafu muulize swali moja lisilo na alama, ambalo kwetu limegundua mengi kuliko njiti: "Hebu nieleze dawa zako, kila moja unaimeza saa ngapi?" Aliyekuwa anazijua mwaka jana na leo anamtazama mkewe, ameshakuambia.

Mkithibitisha demensia, ipo rivastigmini, dawa inayoongeza asetilikolini kwenye ubongo. Jaribio lililotangazwa mwaka 2004 likiwa na wagonjwa 541 wa Parkinson lilionyesha inasaidia, si kwa muujiza, bali kwa kiasi ambacho familia inakiona: anafuata mazungumzo, maruweruwe yanapungua. Huanzwa miligramu 1 na nusu mara mbili kwa siku pamoja na chakula, hupandishwa kila baada ya wiki 4, na haivuki 6 mara mbili. Inaleta kichefuchefu, inapunguza mapigo ya moyo, na mtetemo unaweza kuzidi kidogo. Kumpa mtu rivastigmini huku anameza benzeksoli ni kujaza maji mtungi uliotobolewa chini, na tumeziona zikiandikwa kwenye karatasi moja. Hatuombi rivastigmini ifike kila zahanati. Tunaomba iwepo Moshi, hospitali za rufaa, na iingie kwenye kitita cha bima chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kanuni zake zinapoendelea kutekelezwa.

Kisichohitaji dawa tayari kimejaribiwa Hai: mazoezi ya akili ya kikundi, vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, wazee wachache wamekaa duara wakitaja majina, wakihesabu noti, wakimalizia methali, wakiimba. Wazee 34 wenye demensia walishiriki na hali zao zikaonekana kuimarika. Unahitaji chumba, viti na mtu aliyefundishwa. Vyumba vya kliniki ya wazee mchana ni vitupu.

La mwisho ni wodini. Mgonjwa anayemeza levodopa nyumbani saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9 na saa 1 jioni akilazwa kwa kuvunjika nyonga anaingizwa kwenye chati ya wodi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Dozi moja imepotea na mapengo yamekuwa saa 8. Kufikia saa 6 mchana amekakamaa, hawezi kumeza chakula kilicholetwa, anaanza kuweweseka, na zamu inaandika "mgonjwa msumbufu". Aruhusiwe kutunza na kumeza vidonge vyake kwa saa zake, au saa hizo ziandikwe kwa mkono juu ya chati na zifuatwe. Siku ya upasuaji ameze kwa funda la maji kama daktari wa usingizi hakukataza. Akiwekewa mpira wa puani, kidonge cha kawaida kinasagwa na kupitishwa humo. Ndugu waambiwe pia kwamba levodopa hushindana na nyama, maharage na maziwa mlangoni pa utumbo, kwa hiyo kidonge kitangulie nusu saa kabla ya mtori au kiburu, au kingoje saa nzima baada yake, na vidonge vya madini ya chuma vikae mbali nacho kwa saa 2.

Tumeandaa maneno ya kadi ya mfukoni. Tunaomba ofisi yako iichape kwenye karatasi ngumu ya manjano, mgonjwa mmoja kadi moja, nyingine ibandikwe kwenye jalada lake. Inasema hivi:

"NINA UGONJWA WA PARKINSON. Nikichanganyikiwa ghafla, tafuteni chanzo: mkojo, mapafu, malaria, sukari, maji, choo, kichwa, dawa mpya. NISIPEWE haloperidoli, klorpromazini, flufenazini, Plasil, proklorperazini, prometazini wala benzeksoli mpya. Nikitapika, nipewe domperidoni kama moyo wangu unaruhusu, au ondansetroni. Nikichelewa kujibu, nisubirini. LEVODOPA YANGU ISIKATISHWE. Saa zangu ni: ........ ........ ........ ........"

Ni sisi,
Wauguzi, matabibu na wafamasia wa huduma za wazee, Moshi

Nakala: Katibu Tawala wa Mkoa, Mfamasia wa Mkoa, Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote za mkoa, mabaraza ya wazee ya kata